Sigara ya Wodini



Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mtoto, mama alinichukua kwenda kumjulia hali mjomba aliyelazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili. Kikapuni mlikuwa na wali, machungwa na pakiti mbili za sigara. Sigara hakukabidhiwa mjomba. Zilipokelewa na muuguzi, akasema, "Akioga na kumeza dawa, nitampa." Mama alishukuru.

Nilipoingia katika kazi hii ndipo nikaja kutambua kwamba mtindo ule ulikuwa umeenea mbali. Nchini Marekani, kwa miaka mingi, hospitali za akili zilimtunza mgonjwa mtiifu kwa sigara na kumnyima mkaidi. Mwanzoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1990, chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za huko kilipotaka majengo yasiwe na moshi, wodi za akili zililegezewa masharti. Miongoni mwa waliopinga walikuwamo watetezi wa wagonjwa wenyewe. Walisema ni ukatili kumwondolea mtu wa namna hiyo starehe yake ya mwisho.

Nani alinufaika? Mwaka 2008 mtafiti Judith Prochaska na wenzake walichapisha waliyoyakuta katika nyaraka za makampuni ya tumbaku. Makampuni yaligharimia utafiti wa kuunga mkono dhana kwamba sigara ni dawa kwa mwenye skizofrenia, yalipeleka sigara hospitalini, na yalisaidia juhudi za kuzuia marufuku. Biashara ilikuwa nono: utafiti wa mwaka 2000 ulikadiria kwamba katika kila sigara 100 zilizovutwa Marekani, 44 zilivutwa na watu wenye maradhi ya akili.

Lakini je, si kweli kwamba sigara hutuliza? Hutuliza kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walilinganisha tafiti 26, wakaona walioacha walipungukiwa na sonona na wasiwasi, hata waliokuwa na ugonjwa wa akili. Mwaka 2016 ukatoka utafiti wa watu zaidi ya 8,000, karibu nusu yao wakiwa na maradhi ya akili. Vidonge vya vareniklini na bupropioni, pamoja na plasta za nikotini, viliwasaidia kuacha, wala havikuonekana kuwavuruga akili kama ilivyohofiwa.

Liko jambo moja la kuangalia. Moshi wa sigara hulifanya ini liziondoe upesi mwilini dawa kama klozapini na olanzapini. Mgonjwa akiacha kuvuta, dawa ile ile huzidi nguvu mwilini. Kwa hiyo daktari aambiwe mapema, apime na kupunguza dozi. Asiambiwe tu "acha", halafu akaachwa peke yake.

Mjomba alipata nafuu, akarudi shambani, akalima miaka mingi. Kilichomwondoa mwaka 2009 si akili, ni mapafu. Hakuna aliyewahi kumuuliza kama angependa kuacha sigara. Nasi hatukumuuliza. Pakiti zile mbili tulizipeleka wenyewe, tena kwa mapenzi.

Ukienda kumtazama mgonjwa wako juma hili, mpelekee machungwa. Halafu muulize.

Tukutane juma lijalo.