Kula mtaji

Kula mtaji ni kutumia fedha za kununulia bidhaa kwa matumizi ya nyumbani, mpaka biashara ishindwe kujaza rafu zake. Wafanyabiashara wadogo wa Afrika Mashariki hutumia maneno haya wanapoeleza kwa nini duka lililokuwa likiuza vizuri limefungwa.

Mfano wa kubuni: mwenye duka ananunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 130,000 na kuuza kilo moja 2,800. Mfuko ukiisha, droo ina 140,000. Faida ni 10,000, tena kabla ya kutoa umeme, vifungashio na sukari iliyomwagika kwenye mzani. Ikiwa mfuko ulimaliza siku tano, na kila jioni zilichotwa 3,000 za mboga, zimetoka 15,000. Zilizobaki ni 125,000, na mfuko mwingine haununuliki. Safari hii atachukua kilo chache kwa bei isiyo ya jumla, na faida ya kila kilo itapungua zaidi. Hakuna siku hata moja aliyofuja. Ndiyo maana tatizo huchelewa kuonekana: wateja wanakuja na droo haikosi noti, ila rafu zinazidi kuwa na nafasi.

Mara nyingine mtaji huliwa kabla duka halijafunguliwa. Katika miji ya Tanzania, wenye fremu za maduka wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na penye biashara iliyochangamka mpangaji mpya huweza kudaiwa kilemba, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, juu ya kodi hiyo. Zikishalipwa hizo, na rafu, mzani na leseni, bidhaa hupata masalia.

Halafu kuna daftari la madeni. Mteja ni jirani, pengine shemeji, na kumnyima unga kuna gharama yake mtaani. Bango la “Leo taslimu, kesho mkopo” humsaidia muuzaji kukataa bila kugombana, ingawa si sana. Pengo likikua, wengine hukimbilia mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu. Marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki, hivyo hutolewa kwenye mauzo bila kungoja faida ijulikane.

Nchini Kenya, utafiti wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu wa 2016 ulikadiria kuwapo kwa biashara ndogo sana, ndogo na za kati zipatazo milioni 7.4, na kwamba nyingine milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Upungufu wa fedha za uendeshaji ulikuwa miongoni mwa sababu kuu zilizotajwa, jibu ambalo halionyeshi fedha hizo zilipotelea wapi.

Kinga ya kawaida ni mwenye duka kujipangia posho na kuiandika kama gharama nyingine yoyote. Wengi huona kujilipa mshahara kwenye duka lao wenyewe ni kichekesho, na huacha kuandika. Nchini Tanzania uzembe huo una bei yake: kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka alitozwa kodi ya 100,000 kama hana kumbukumbu, na 30,000 kama anazo.