Karczma ya Poland: faida ya kabaila, lawama ya Myahudi

Kwa karne kadhaa, msafiri aliyepita vijijini Poland kwa gari la farasi alijua kwamba usiku ukiingia huenda atalala kwa Myahudi. Karczma, nyumba ya pombe na wageni, ilisimama penye njia panda au kivuko: jengo refu la mbao, upande mmoja zizi la farasi, upande mwingine ukumbi wenye jiko, meza na mapipa. Familia ya mwenyeji iliishi humo humo. Wakulima walikwenda kunywa, kukopa, kucheza harusi na kusikia habari za vita.

Lakini nyumba haikuwa ya Myahudi. Ilikuwa ya kabaila. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki ya kutengeneza na kuuza pombe katika ardhi yake, haki iliyoitwa propinacja, na wakulima waliofungwa kisheria kwenye ardhi hiyo hawakuruhusiwa kununua kwingine. Soko la nafaka iliyoteremshwa kwa mto Vistula hadi Gdańsk lilipodorora, makabaila walizidi kuigeuza nafaka yao kuwa vodka, na katika karne ya 18 pombe ilikuwa nguzo ya mapato ya mashamba mengi. Karczma ilikodishwa kwa Myahudi kwa sababu alijua kusoma na hesabu, tena aliaminiwa kuwa si mlevi. Na kwa kuwa hakuwa na sauti katika bunge, hangeweza kamwe kuwa mpinzani wa bwana wake.

Maisha ya mpangaji huyo yameelezwa vizuri na mwanafalsafa Solomon Maimon, mzaliwa wa Lithuania ya karne ya 18. Babu yake alikodi vijiji katika ardhi ya ukoo wa Radziwiłł, penye daraja bovu ambalo hakuna aliyetaka kulitengeneza. Gari la mkubwa likikwama hapo, aliyechapwa viboko ni mpangaji. Ikafika mahali familia iliweka mlinzi, na msafara ukionekana kwa mbali wote wanakimbilia msituni, nyumba wakiiacha mikononi mwa wageni. Naona kisa hicho kinafundisha zaidi ya hesabu zozote za kodi: mwenye daraja hayupo, anayepigwa ni aliye karibu.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa umwagaji damu. Wapiganaji Wakozaki wa Bohdan Khmelnytsky walipoasi utawala wa Poland huko Ukraine mwaka 1648, Wayahudi, ambao baadhi yao walisimamia mali za makabaila, walichinjwa kwa maelfu. Baada ya Poland kugawanywa na majirani zake, lawama ilivaa lugha ya serikali: ulevi wa wakulima ukasemwa ni kazi ya Myahudi, na sheria ya Urusi ya mwaka 1804 ikaamuru Wayahudi waondolewe kwenye biashara ya pombe vijijini. Mwanahistoria Glenn Dynner, aliyechimba nyaraka za Poland iliyokuwa chini ya mfalme wa Urusi, ameonyesha kwamba makabaila waliendelea kuwaweka Wayahudi, leseni ikiwa na jina la Mkristo. Faida ilikuwa tamu mno kuiacha.

Wapolandi wa leo wanaikumbuka karczma hasa kupitia Pan Tadeusz, utenzi wa Adam Mickiewicz uliochapishwa Paris mwaka 1834. Jankiel, Myahudi mwenye karczma, ni mzalendo wa Poland, na muziki anaoupiga kwenye nyuzi za cymbały unawaliza wasikilizaji. Ni picha ya heshima kubwa, na ninaipenda. Ila humwoni Jankiel akitetemeka siku ya kodi.

Stanisław Wyspiański aliiona siku hiyo. Katika Wesele (yaani Harusi), tamthilia iliyoonyeshwa Kraków mwaka 1901, binti wa Myahudi wa kijijini, Rachela, ndiye mwenye roho ya kishairi kuliko wageni wote wa harusi. Lakini baba yake amekuja kuzungumza fedha: wanakijiji wanadaiwa naye, naye anadaiwa kodi ya karczma na mwenye nyumba, ambaye ni padri.