Mbuzi wa Azazeli: Nani Anaungama?

Katika sura ya 16 ya Kitabu cha Walawi tunasoma jinsi Waisraeli walivyoadhimisha Siku ya Upatanisho. Mbuzi wawili waliletwa mbele za Bwana. Mmoja alichinjwa awe sadaka ya dhambi, na wa pili, wa Azazeli, aliachwa hai. Kuhani Haruni aliweka mikono yake juu ya kichwa cha huyo wa pili, akaungama maovu yote ya watu, kisha mbuzi akapelekwa jangwani. Tusilipite haraka jambo moja: siku ile watu waliungama dhambi zao wenyewe. Hakuna aliyedai kwamba mbuzi ndiye aliyekosa.

Historia imejaa desturi nyingine inayofanana na hiyo kwa nje, lakini kwa ndani ni kinyume chake. Jamii ikipatwa na njaa, maradhi au hofu, humtafuta mtu wa kubebeshwa lawama, kisha humlazimisha yeye aungame. Mwanazuoni Mfaransa René Girard (1923–2015) aliandika sana juu ya jambo hili, akaonyesha kwamba watu waliokuwa wakigombana hupatana upesi wakishapata adui mmoja. Injili ilikwisha kulieleza. Katika Luka 23, Herode na Pilato, waliokuwa maadui, walipatana siku ile ile Yesu alipohukumiwa.

Inatuuma kukiri kwamba Wakristo nao wamefanya hivyo. Mwaka 1347 tauni iliingia Sicily kwa meli, ikasambaa Ulaya na kuua mamilioni. Hakuna aliyejua chanzo chake. Bakteria wake waligunduliwa mwaka 1894. Uvumi ukaenea kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Huko Savoy, mwaka 1348, Wayahudi waliteswa mpaka wakakiri kosa wasilolitenda, na maungamo hayo yakasambazwa mji hadi mji kama ushahidi.

Papa Clement VI, aliyekaa Avignon, alikataa. Katika barua zake za mwaka huo alieleza kwamba Wayahudi nao wanakufa kwa tauni, tena ugonjwa umefika hata mahali wasipokuwapo Wayahudi. Lakini wengi hawakumsikiliza. Katika mji wa Strasbourg, ambao leo uko Ufaransa, baraza la mji lilijaribu kuwalinda Wayahudi. Februari 1349 vyama vya mafundi vililiangusha baraza hilo, na tarehe 14 mamia ya Wayahudi walichomwa moto katika makaburi yao wenyewe. Waliokubali kubatizwa waliachwa hai. Madeni ambayo watu wa mji walidaiwa na Wayahudi yalifutwa, na fedha zao zikagawanywa.

Siku hiyo tauni ilikuwa bado haijafika Strasbourg. Ilifika baadaye mwaka huo huo, ikaua watu kama kwingineko. Damu ya wasio na hatia haikuzuia chochote. Na wale waliofutiwa madeni kwa moto hawakulazimishwa na yeyote kuungama tamaa yao.

Tusidhani hayo ni ya Ulaya ya kale tu. Hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, akina bibi wengi wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Wengine walishukiwa kwa sababu macho yao ni mekundu, nayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mtoto akifariki au ng'ombe wakifa, minong'ono huanza, na mara nyingi nyuma ya minong'ono hiyo kuna ugomvi wa shamba au urithi. Serikali ilipofanya msako wa wauaji katika miaka ya 1970, baadhi ya waliokamatwa waliteswa na kufa wakiwa mahabusu. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa sababu hiyo. Si yeye aliyewapiga, lakini hakutafuta mdogo wa kumtwika mzigo. Aliwajibika mwenyewe.

Sisi tulioitwa kwa jina la Kristo tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Kayafa alishauri kwamba inafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yohana 11), akidhani anaokoa taifa kwa hila. Mungu alimfufua yule aliyehukumiwa, akatuonyesha kwamba umati ulikosea na kwamba aliyehukumiwa alikuwa mwenye haki. Waraka kwa Waebrania unatufundisha kwamba sadaka hiyo ilitolewa mara moja tu. Basi anayetafuta mwingine wa kubebeshwa dhambi za kijiji au za ukoo anasema kwa matendo yake kwamba msalaba haukutosha.

Kwa hiyo, wapendwa, minong'ono ikianza matangani au katika jumuiya zetu, tujiulize kwanza: nani anaungama hapa? Kama tunamshurutisha mjane aungame, huku sisi tukinyamaza kuhusu shamba lake tunalolitamani, tumekwisha kuiacha njia ya Haruni na kushika ile ya Strasbourg. Twende tukakae naye mlangoni pake mchana kweupe, watu wote watuone, na toba tuianze sisi.