Tablo za Tshibumba: ruhusa tuombe kwa nani?

Bandugu, juma lililopita nilitaka kuweka hapa foto ya tablo moja ya Tshibumba Kanda Matulu. Niliikuta kwenye intaneti, nikakata jina la makumbusho lililoandikwa chini. Mkubwa mmoja wa komite akaniuliza: "Umeomba kwa nani?" Nikabaki kimya.

Tshibumba alizaliwa Élisabethville mwaka 1947, akaishi na kuchora hapa kwetu Likasi. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Johannes Fabian, profesa aliyefundisha Lubumbashi, historia nzima ya Kongo: tablo 101, na maelezo akayatoa kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Kitabu kikatoka Marekani mwaka 1996, kwa Kiingereza! Tablo zenyewe ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyoitwa zamani Tropenmuseum. Njo vile mwana wa Kikula anaziona kwenye telefone tu.

Sasa sheria. Ile yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mtungaji mpaka miaka 50 kisha kufa kwake. Na mtu akiuza tablo, hajauza haki ya kuitoa kopi. Lakini Tshibumba alipotea karibu na mwaka 1981, hakuonekana tena. Hata tukisema alikufa mwaka ule, tunafika 2031. Mpaka pale haki ni ya bana bake, si ya Amsterdam, na si yangu mimi mwenye kukata majina.

Foto nimeifuta. Makumbusho nitawaandikia. Lakini kama kuna mtu hapa Likasi anayejua jamaa ya Tshibumba, aniandikie pembeni, nikabishe hodi.