Ushindani wa HD DVD na Blu-ray

HD DVD na Blu-ray ni aina mbili za diski za video ya ubora wa juu zilizogombea kurithi nafasi ya DVD kati ya mwaka 2006 na 2008, hasa Marekani na Japani. HD DVD iliongozwa na Toshiba. Blu-ray na Sony pamoja na washirika wake.

Teknolojia

Zote husomwa kwa leza ya bluu-zambarau ya nanomita 405. Tabaka moja la HD DVD hubeba gigabaiti 15, la Blu-ray 25.

Mwitikio wa wanunuzi

Deki ya Toshiba iliingia madukani Marekani Aprili 2006 kwa dola 499. Ya Samsung, ya Blu-ray, ilifuata Juni kwa dola 999. Pamoja na unafuu wa deki ya HD DVD, wengi walisita. DVD zao zilikuwa bado zinacheza vizuri, na studio zilikuwa zimegawana kambi: mwenye deki ya HD DVD hakupata filamu za Disney wala Fox, mwenye Blu-ray alikosa za Universal. Kwenye rafu, makasha mekundu yalikuwa ya HD DVD na ya bluu ya Blu-ray, na mteja alilazimika kujua rangi ya deki yake kabla ya kuchagua filamu.

PlayStation 3, iliyotoka Novemba 2006, ilikuja na Blu-ray ndani yake. Waliotaka michezo tu wakajikuta na deki ya filamu. Microsoft iliuza kisomeo cha HD DVD cha Xbox 360 kando, kwa dola 199, na walioona haja yake walikuwa wachache.

Punguzo kubwa la Novemba 2007, Walmart ilipouza deki ya Toshiba chini ya dola 100, halikutosha. Tarehe 4 Januari 2008 studio ya Warner ilichagua Blu-ray peke yake. Netflix, Best Buy na Walmart zikafuata Februari, na tarehe 19 mwezi huo Toshiba ikajitoa. Best Buy iliwapa wateja walionunua deki za HD DVD kadi za manunuzi za dola 50, fidia ndogo kwa watu waliokuwa wa kwanza kuiamini teknolojia hiyo.

Hali ya sasa

Blu-ray bado inauzwa. Filamu za intaneti zimepunguza soko lake, na Samsung ilisitisha deki mpya kwa Marekani mwaka 2019.