Usanjari wa Spika

Usanjari ni hali ya spika mbili za mfumo mmoja kusukuma hewa mbele kwa pamoja na kuivuta nyuma kwa pamoja. Hutegemea waya: chanya ya amplifaya iingie kwenye chanya ya spika, hasi kwenye hasi, kushoto na kulia vilevile. Spika moja ikigeuziwa waya, mawimbi marefu ya sauti nene hukatana. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, kuzidi sebule nyingi. Hapo besi ya muziki wa mugithi hufifia, na sauti ya mwimbaji haijulikani inatokea wapi.

Tafsiri ya "in phase" ya Kiingereza inayopendwa na kamati fulani ni "kuwa katika awamu moja". Awamu ni zamu au kipindi; msomaji akiliona neno hilo hukumbuka marais wa Tanzania, wanaohesabiwa kwa awamu, si waya. Wengine wameng'ang'ania ncha, neno zuri kwa sumaku na kwa dunia, ila sebuleni ni balaa. Waya wa spika huwa pacha, na kila pacha ana ncha mbili. Fundi aliyepiga magoti nyuma ya kabati huko Mweiga, Nyeri, akiambiwa aunge "ncha chanya", ana ncha nne mkononi. Yaelekea waliolipitisha hawajawahi kuchuna waya.

Sanjari ni neno lenye chumvi ya bahari: vyombo vilivyoandamana safarini vilikwenda sanjari. Kutoka hapo likaenea hadi kwa mambo yote yaendayo pamoja, na kilichoongezwa hapa ni kiambishi u- tu. Huko Nyeri nako neno hilo lina pa kushika, kwani mugithi kwa Kikikuyu ni garimoshi, na wachezaji wake hushikana kama mabehewa. Anayekwenda kinyume huvuruga safu nzima. Wanaodai kwamba neno la mabaharia halifai nyanda za juu wangeanza kwa kuifukuza stima, jina la umeme nchini Kenya na thitima kwa Wakikuyu, ambayo nayo ni jina la meli ya mvuke.

Katika kuunga, pacha mwenye mstari au rangi nyekundu huwekwa kwenye chanya pande zote mbili, na nyuzi zilizochunwa husokotwa zisigusane na za jirani, amplifaya isije ikaungua. Betri ya volti 1.5 ikigusishwa kidogo kwenye waya, koni ya spika hutoka nje endapo chanya imekutana na chanya.