Bei Kwanza, Mgawo Baadaye: Jodari na Majirani wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi

Tuseme meli yenye bendera ya Uhispania imenunua leseni, ikaingia maji ya Tanzania, ikavua tani 100 za jodari na kwenda zake. Miaka 20 baadaye nchi za Bahari ya Hindi zinakaa kugawana samaki kwa kuangalia nani alivua kiasi gani huko nyuma. Tani zile 100 ziandikwe kwa jina la nani? Mwenye bendera atasema meli ni yake, mafuta ni yake, basi na historia ni yake. Mwenye maji atajibu kwamba aliuza ruhusa ya kuvua, hakuuza urithi. Swali hili ni miongoni mwa mafundo yaliyoikwamisha Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi tangu kamati yake ya vigezo vya mgawo ilipokutana mara ya kwanza Nairobi, Februari 2011.

Sheria haitufikishi mbali. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 uliipa nchi ya pwani haki juu ya rasilimali hadi maili 200, kisha ukazitaka nchi zishirikiane kuhusu samaki wahamao. Namna ya kugawana haukuitaja. Kamisheni nayo, ambayo makao yake yako Victoria, Shelisheli, inaweza kupitisha azimio kwa theluthi mbili ya kura, lakini mwanachama ana siku 120 za kulipinga, na akipinga halimfungi. Mombasa iliona matokeo yake. Februari 2023 wajumbe walipiga kura kusimamisha kwa siku 72 kila mwaka uvuvi unaotumia vivutia samaki vinavyoelea, ambavyo huwakusanya jodari wachanga pamoja na wakubwa. Miezi michache baadaye waliopinga walivuka theluthi ya wanachama, na azimio likakosa nguvu ya kuwafunga hata walioliunga mkono.

Kawaida lawama hutupiwa uchoyo wa mataifa ya mbali. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila inatupumbaza. Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni la mpangilio: tunabishania mgawo wa samaki kabla wenye maji hawajakubaliana bei ya mlango. Kila serikali hujadiliana peke yake na kampuni au na Umoja wa Ulaya, ilhali bidhaa ni ileile inayoogelea kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Anayepandisha bei peke yake anampelekea jirani wateja. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuwa na wenyeji sita wanaogombea mgeni mmoja.

Katika Pasifiki ya magharibi na kati, nchi nane za Makubaliano ya Nauru ya mwaka 1982, nyingi zikiwa visiwa vidogo kuliko wilaya zetu, zilipitia unyonge huohuo kwa miongo miwili na zaidi. Mwaka 2007 zilianza kuuza siku. Zinaweka kikomo cha jumla cha siku za uvuvi kwa mwaka, zinagawana wenyewe kwa wenyewe, na mwenye meli ya nyavu za kuzungushia hununua siku kutoka kwa yeyote kati yao. Meli inayozidi mita 80 huhesabiwa siku moja na nusu kwa kila siku. Iliyo chini ya mita 50, nusu. Kisha zikaweka bei ya chini kwa siku: dola 5,000 mwaka 2012, dola 8,000 mwaka 2015. Mapato yao ya pamoja, yaliyokuwa kama dola milioni 60 mwaka 2010, yalikaribia milioni 500 kabla ya muongo kwisha. Kubwa kuliko fedha, kwa mtazamo wangu, ni sharti walilolichomeka ndani ya leseni: anayetaka kuvua kwetu asivue katika maeneo fulani ya bahari ya kimataifa yaliyozungukwa na maji yetu. Hapakuwa na kura ya kamisheni wala siku 120. Aliyekataa alibaki nje ya mlango.

Msomaji makini atasema Pasifiki si huku, na atakuwa na haki. Wale wanamiliki sehemu kubwa ya maji ambamo jodari wao huvuliwa. Kwetu, jodari wengi wa mapezi ya njano huishia katika nyavu za majarife na mishipi ya Iran, Oman, Sri Lanka na Maldivi, na hao hawatatishwa na bei ya leseni ya Dar es Salaam. Umoja wa bei hauwezi kutibu bahari nzima.

Lakini hauhitaji kuitibu nzima. Meli za nyavu za kuzungushia hufuata msimu: Machi hadi Mei ziko Mlango wa Msumbiji, na kuanzia Agosti ziko upande wa Somalia. Hakuna mlango mmoja unaozitosha mwaka mzima. Tunauona mzunguko huu kama udhaifu wetu, samaki hatulii kwetu, kumbe ndio nguvu ya kujadiliana: mteja anawahitaji majirani kadhaa, na akiwakuta wamekwisha kuzungumza, hana jirani wa kukimbilia.

Na majirani hawa hawajaanza kufahamiana leo. Meli iliyowaletea Watanzania wale samaki waliobatizwa "samaki wa Magufuli", kwa jina la waziri wa uvuvi wa wakati huo, mwaka 2009 ilikamatwa katika doria ya pamoja, kwa msaada wa meli ya Afrika Kusini. Mwaka 2012 nchi kadhaa za ukanda huu zilianza kupashana habari za leseni na meli zinazoshukiwa kupitia mtandao wa FISH-i Africa. Kumkamata mwizi tumejifunza kushirikiana. Kumpangia bei mnunuzi halali bado ni siri ya kila wizara. Kamisheni ya Uvuvi ya Kusini-Magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyoundwa 2004, imeandaa masharti ya chini ya pamoja kwa leseni za kigeni, ila yenyewe ni chombo cha ushauri.

Zile tani 100 nazo hazilazimiki kusubiri mkutano mwingine wa kamati. Majirani wanaweza kukubaliana kifungu kimoja katika kila leseni mpya: samaki atakayevuliwa humu, katika hesabu yoyote ya mgawo itakayokuja, ataandikwa kwa jina la nchi yenye maji. Mwenye meli atasaini au hatavua.